Meno Mangapi? Bledi Sahihi kwa Msumeno wa Meza

Ingia duka la vifaa vya useremala Gerezani, Dar es Salaam, umwambie muuzaji unataka bledi nzuri ya inchi 10. Uwezekano mkubwa ni kwamba atakushushia ile yenye meno mengi kuliko zote zilizotundikwa ukutani. Inang'aa, imeandikwa 80, bei yake imechangamka, na maelezo yake hayana mzunguko: meno mengi, mkato safi. Fundi anaifunga kwenye mashine, anaingiza ubao wa mkongo wa mbili kwa sita auchane kwa urefu, na kabla hajafika nusu moshi unafuka, kingo za mbao zimebabuka na mota inalalamika. Bledi ile si bandia wala haijaharibika. Imepewa kazi isiyo yake.

Swali la bledi ipi ni bora halijibiki mpaka ujue mbao gani inakatwa, inakatwa kufuata nyuzi au kukatiza nyuzi, na mota inayoizungusha ina nguvu kiasi gani. Hayo matatu yameandikwa sana. Miongozo mingi ya Ulaya na Marekani inayazungumzia vizuri, ila inamfikiria mtu anayefanya useremala siku za mapumziko gerejini kwake, mwenye mbao chache na mashine iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Karakana ya mtaani kwetu, iwe ya Keko au ya Gikomba, haiko hivyo. Mashine huenda imechomelewa mtaani, mbao zinapita kutwa nzima, na leo ni mninga, kesho paina, keshokutwa MDF. Kwa karakana ya namna hiyo lipo swali la nne, nami naliona zito kuliko yale matatu: bledi ikishakuwa butu, ni nani ataweza kuinoa?

Tuanze na jino lenyewe. Kila jino ni patasi ndogo inayobandua kipande chembamba cha mbao kisha kukibeba kwenye bonde lililo mbele yake hadi litoke upande wa pili. Patasi ikipewa unene wa kutosha, inakata. Ikipewa unene mdogo mno, inasugua, na msuguano ndio unaounguza. Hesabu yake ni nyepesi. Bledi inazunguka mara 2,850 kwa dakika, kasi ya kawaida ya mota ya ncha mbili kwenye umeme wetu wa hezi 50. Ikiwa na meno 24, meno 68,400 yanapita kwenye mbao kila dakika. Fundi akisukuma ubao mita 4 kwa dakika, kila jino linabandua takriban sehemu 6 za mia za milimita. Weka bledi ya meno 60 kwa mwendo uleule: meno yanayopita yanakuwa 171,000, na kila moja linapata sehemu 2 za mia na ushee. Hapo mbao inasagwa. Ili bledi ya meno 60 ipate kipande kizuri kwenye ubao mnene, inabidi usukume kwa kasi zaidi, na mota ya nguvu-farasi 2 haina uwezo huo.

Tazama pia nafasi ya kubebea pumba. Kwenye bledi ya milimita 250 yenye meno 24, jino na jino vimepishana zaidi ya sentimita 3, na bonde lililopo katikati ni pana na refu. Kwenye ya meno 60, nafasi ni kama milimita 13. Kuchana mbao kwa urefu kunatoa pumba ndefu zenye nyuzi, na ubao wa inchi 2 unajaza bonde dogo kabla jino halijatoka. Pumba zikikosa pa kwenda zinabanana ubavuni mwa bledi, bamba linapata joto, linaanza kuyumba, na mkato unapinda. Mafundi wengi huilaumu fensi kwa kosa hili.

Kukata kukatiza nyuzi ni habari nyingine. Hapa jino linakutana na nyuzi kwa ubavu, na lisipozikata kwanza kwa ncha kali litazinyofoa. Ndiyo maana bledi za kukatia huwa na meno yaliyonolewa mshazari, moja kushoto, linalofuata kulia, kila moja likiwa na ncha inayotangulia kukata ukingo wa njia, yaani ule ufa bledi inaouacha kwenye mbao. Bledi ya kuchania huwa na meno bapa juu, yasiyo na mshazari au yenye mshazari kidogo, yaliyoinama mbele hadi digrii 20 hivi ili yavute mbao kwa hamu. Ya matumizi ya jumla ina meno 40, yameinama kiasi. Kwa ubao uliobandikwa melamini kuna umbo la tatu: jino moja lililokatwa pembe mbili linatangulia na kuchimba katikati, linalofuata ni bapa na linasafisha pande. Umbo hilo linavumilia ugumu wa melamini kuliko ncha kali ya mshazari, ambayo inakata safi siku za mwanzo kisha inachoka upesi.

Plaiwudi inawasumbua wengi bila sababu. Tabaka la juu ni jembamba mno na nyuzi zake zinanyofoka upande ambao jino linatokea. Kwenye msumeno wa meza meno yanashuka kupitia uso wa juu na kutokea chini, kwa hiyo uso mzuri ukae juu. Kwenye msumeno wa mviringo wa umeme unaoshikwa mkononi ni kinyume chake. Usishangae kumkuta fundi hodari anayelaumu bledi ilhali amegeuza ubao. Chukua bledi ya meno 60 au 80, ishushe mpaka meno yachomoze kidogo tu juu ya ubao, kisha ziba lile pengo pana linaloizunguka bledi mezani kwa kipande cha plaiwudi ulichokipasua kwa bledi hiyohiyo, na nyuzi za chini zitapata pa kuegemea. Kipande hicho hakigharimu chochote na kinafanya kazi kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya bledi mbili.

Sasa mbao zetu, maana miongozo ya nje huishia kwenye mwaloni na mepo. Paina inayoshuka kutoka Sao Hill, Mufindi, ni laini na mara nyingi inauzwa ikiwa bado na maji. Ina utomvu unaoganda pembeni mwa meno, ukaongeza upana wa jino kwa gamba lisilo na makali. Kwa mbao mbichi ya aina hii chukua meno machache na njia pana. Bledi nyembamba itabanwa. Mkaratusi una tabia mbaya zaidi: mti huo hukua ukiwa na mkazo ndani yake, na ukiuchana ubao hufunguka au kujifunga nyuma ya bledi. Ukijifunga, unaibana bledi inayozunguka na mbao inarushwa nyuma kumwelekea fundi. Kinga yake si bledi. Ni kile kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi na kuizuia njia isijifunge, kifaa ambacho mashine nyingi zilizotengenezwa mtaani hazina kabisa.

Mninga ni rahisi. Unakatika vizuri, hauna ukaidi, na kosa kubwa unaloweza kulifanya juu yake ni kuupoteza bure kwa njia pana, jambo nitakalolirudia. Mvule una siri yake. Ndani ya mti hujijenga mawe ya kalsiamu kaboneti, mengine madogo kama punje, mengine makubwa zaidi, na mara nyingi hayaonekani nje. Fundi mzoefu hutazama pale mbao ilipokoza rangi ghafla, maana mbao inayozunguka jiwe huwa nyeusi kidogo. Jino likigonga jiwe, la chuma linalala, la kabaidi linaweza kumeguka. Mtiki, au msaji kama wazee wa pwani wanavyouita, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, una silika, madini yaleyale ya mchanga. Mbao yenyewe si ngumu kupita kiasi, lakini inamaliza makali ya chuma cha kawaida kwa kasi inayomshangaza mtu asiyeizoea.

Mbao ya mnazi inastahili kutajwa peke yake. Pwani yote, kutoka Lamu hadi Mtwara na visiwani, minazi iliyozeeka na kuacha kuzaa hukatwa na kuchanwa. Ukingo wa nje wa shina ni mgumu, katikati ni laini kama uji ulioganda, na vyote vina silika. Kuuchana kwa bledi ya chuma ni kujitafutia kazi ya kunoa. Hapa tungsteni kabaidi si anasa, na meno machache yanatosha. Mpingo nao una uzito wa takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na vipande vyake vinakwenda kutengenezewa klarineti na obo. Fundi wa samani hakutani nao mara kwa mara. Atakayelazimika aende polepole, kwa bledi kali ya kabaidi, na asiwe na mota dhaifu.

Kisha kuna mbao zilizotumika: paleti, milango ya zamani, mabaki ya maboksi ya ujenzi. Bei yake inavutia. Msumari mmoja uliozama unaweza kung'oa meno matatu, na gharama ya bledi ikawa imemeza faida yote ya paleti. Karakana inayopitisha mbao hizo kila wiki iwe na bledi moja ya chuma iliyochakaa kwa ajili yake tu.

Hilo linatuleta kwenye chuma na kabaidi. Tungsteni kabaidi iliingia viwandani Ujerumani miaka ya 1920, ikaanza na kazi za vyuma, na leo karibu kila bledi dukani ina vipande vyake vilivyochomelewa kwenye ncha za meno. Inadumu na makali mara nyingi zaidi ya chuma, na kwa MDF na chipubodi hakuna mjadala, kwa sababu gundi iliyomo inakula chuma. Lakini bledi ya chuma ina jambo moja ambalo kabaidi haina: fundi anainoa mwenyewe, kwa tupa, amekaa kwenye kigoda, saa moja jioni. Anayapinda meno kidogo, moja huku, moja kule, na kesho yake asubuhi kazi inaendelea. Kabaidi haikubali tupa. Inataka gurudumu la almasi na mashine inayoshika pembe ileile kwa kila jino.

Mitaani mambo hufanyika tofauti. Bledi ya kabaidi inashikwa kwa mkono, inaguswa kwa grenda yenye diski ya kawaida ya kusagia chuma, na baada ya dakika chache meno yanang'aa tena. Yanang'aa, lakini diski ile imesaga zaidi chuma kilichoshikilia kabaidi kuliko kabaidi yenyewe, pembe zimepotea, na urefu wa meno haulingani tena. Katika meno 24 huenda 7 au 8 tu ndiyo yanayokata, mengine yanapita hewani. Bledi ya namna hiyo inaacha alama za mistari kwenye mbao, na inatetemeka. Mwenye bledi anaamua kwamba kabaidi ni uongo. Kumbe aliyemnolea ndiye aliyeiua.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, tafuta kwanza aliye na mashine ya kunolea kabaidi katika mji wako, au mji ambao basi linakwenda na kurudi. Akiwepo, nunua bledi yenye vipande vya kabaidi vinene, kwa sababu kila kunoa kunapunguza unene huo, na chenye milimita 3 kitanolewa mara nyingi kuliko chenye milimita moja na nusu. Asipokuwepo, basi bledi rahisi ya kabaidi utakayoitumia mpaka ichoke kisha uiweke kando, pamoja na moja ya chuma ya kunoa mwenyewe, ni uamuzi wa busara kuliko bledi ya gharama isiyo na wa kuihudumia. Najua wapo watakaobisha.

Na kabla ya kumpelekea yeyote, ioshe. Bledi nyingi zinazosemwa zimekuwa butu zimejaa utomvu tu. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga au magadi kwa muda, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe vizuri. Usikwangue kwa bisibisi, kabaidi ni ngumu lakini inameguka.

Upande wa mashine kuna mambo ambayo bledi nzuri haiwezi kuyafuta. Yapo maandishi kwenye bamba ambayo watu wengi hawayasomi. Yanaweza kuwa hivi: 250 x 3.2/2.2 x 30 Z24. Kipenyo ni milimita 250. Jino lina upana wa 3.2, na huo ndio upana wa njia utakayoipata. Bamba lina unene wa 2.2. Tundu la katikati ni milimita 30. Meno ni 24. Pembeni pana kasi ya mwisho inayoruhusiwa, imeandikwa n max. Kisu cha nyuma, kama mashine inacho, kiwe na unene kati ya namba mbili za upana: kinene kuliko bamba, chembamba kuliko njia. Kwa bledi hii 2.5 inafaa. Kikiwa kinene kuliko njia mbao itakwama. Kikiwa chembamba kuliko bamba hakina kazi.

Upana wa njia ni pesa. Chukua ubao wa mninga wa inchi 8 uuchane mara 7 upate vipande vyembamba. Bledi ya chuma yenye meno yaliyopindwa sana, njia ya milimita 4.5, inageuza milimita 31 na nusu kuwa pumba. Ya kabaidi ya 3.2 inakula 22. Ile nyembamba ya 2.4 inakula chini ya 17. Kati ya ya kwanza na ya mwisho umeokoa zaidi ya nusu inchi ya mninga katika kila ubao. Bledi nyembamba inaisaidia pia mota ndogo ya fezi moja, hasa jioni umeme unaposhuka. Udhaifu wake ni bamba: linayumba likipata joto, kwa hiyo si ya paina mbichi wala ya ubao mnene wenye mafundo.

Kuhusu tundu sitakuwa mpole. Mashine za Ulaya huwa na shafti ya milimita 30, za Marekani za inchi 10 huwa na tundu la inchi tano kwa nane, nyingine zinataka inchi moja kamili. Bledi ikiwa na tundu kubwa kuliko shafti, kuna pete za chuma za kupunguzia, zinauzwa, nyingine huja na bledi. Ikiwa na tundu dogo, mafundi huipeleka ikatanuliwe kwa tupa au grenda. Tundu likihama nusu milimita tu kutoka katikati, meno ya upande mmoja yanachomoza kuliko ya upande wa pili, nayo ndiyo yanayofanya kazi yote. Beringi zinakufa mapema, na sauti ya mashine inabadilika. Itanuliwe kwenye leti na mtu anayejua kuipima, au irudishwe dukani.

Na puli. Mashine za mtaani huendeshwa kwa mkanda, na kasi ya bledi inaamuliwa na puli mbili, si na maandishi ya mota. Mota ya mizunguko 2,850 yenye puli ya inchi 6, ikizungusha puli ya inchi 3 kwenye shafti, inaipa bledi mizunguko 5,700. Ukifunga hapo bledi ya milimita 300, ncha za meno zinakwenda karibu mita 90 kwa sekunde. Kama bamba limeandikwa 5,000, umeshavuka. Kipande cha kabaidi kikichomoka kwa mwendo huo hakichagui kinapokwenda. Pima puli zako kwa rula kabla ya kwenda dukani, gawanya ya mota kwa ya shafti, zidisha kwa kasi ya mota, uiandike namba hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani.

Ile bledi ya meno 40, au 50 yaliyopangwa kwa makundi, ambayo miongozo ya nje huipendekeza kuwa ya kwanza kununuliwa, inafanya kila kazi kwa kiasi. Kwa mtu mwenye mbao tano kwa mwezi inatosha kabisa. Kwa karakana ya samani inayopokea mbao kutoka yadi na kuzichana kuwa miguu ya vitanda, fremu za milango na reli za makochi, haitoshi, kwa sababu robo tatu ya kazi ni kuchana, na kubadilisha bledi ni dakika chache za spana.

Kwa hiyo, mwenye karakana ya kawaida anunue kwanza ya meno 24, ya kabaidi, njia ya milimita 3 hivi, hiyo ndiyo iwe mezani kila asubuhi. Pesa ikipatikana, ya pili iwe ya meno 60 ya mshazari, kwa plaiwudi na kukatiza ncha, isiguse paleti wala mbao mbichi. Ya meno 80 asubiri mpaka wateja wa makabati ya melamini waanze kumiminika. Na kama fedha iliyopo inatosha bledi moja ya bei kubwa au mbili za bei ya wastani, achukue mbili.